Pikipiki imeanguka, usukani umekaa upande: namna ya kukagua na kuweka sawa shokapu za mbele nyumbani

Mvua imenyesha, njia inateleza, pikipiki imelala. Mwendo haukuwa mkali na hakuna aliyeumia. Umeiinua, umefuta tope, umewasha na imewaka. Lakini ukifika kwenye njia iliyonyooka unaona mkono mmoja wa usukani uko mbele na mwingine uko nyuma. Gurudumu linakwenda barabarani, usukani unatazama shambani.

Hapo wengi huchagua moja kati ya mambo mawili. Yuko anayezoea. Anaendesha hivyo hivyo wiki nzima, abiria yuko nyuma na mzigo uko juu. Na yuko anayekimbilia kwa mtu wa karibu mwenye nondo na nyundo, shokapu zinavutwa au kupashwa moto mpaka macho yaridhike, kisha safari inaendelea.

Njia zote mbili zina hatari, na zote zinatokana na kutotofautisha mambo mawili: shokapu zilizojisokota na shokapu zilizopinda. Zilizojisokota unaweza kuziweka sawa mwenyewe nyumbani, kwa spana chache na msaidizi mmoja. Zilizopinda hazina dawa ya nyumbani, na pikipiki hiyo haifai kubeba mtu mpaka kifaa kibadilishwe. Makala haya yanaeleza namna ya kujua ni lipi kati ya hayo limekupata, na la kufanya.

Shokapu za mbele zimeundwaje

Kila shokapu ya mbele ina bomba la chuma lililong'arishwa, linaloingia ndani ya mguu mpana wa chini. Ndani yake kuna springi na mafuta. Springi hubeba uzito. Mafuta huzuia springi isirukeruke, yakipita kwenye matundu madogo kila shokapu inapobonyea na kurudi. Mahali bomba linapoingia kwenye mguu wa chini pana sili ya mpira inayozuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Mfumo huu una umri mkubwa. BMW ya Ujerumani iliuweka kwenye pikipiki yake ya R12 mwaka 1935, na wazo ni lilelile kwenye Boxer na TVS tunazopanda leo.

Bomba hizo mbili zimeshikwa sehemu tatu. Juu, chini ya usukani, kuna kishikizo cha juu. Chini kidogo ya taa kuna kishikizo cha pili. Chini kabisa kuna ekseli ya gurudumu, inayounganisha miguu yote miwili. Madigadi nayo husaidia kuishika miguu hiyo pamoja. Vishikizo vyote viwili vimeungwa na mhimili unaopita ndani ya shingo ya fremu, ukizunguka juu ya gololi au beringi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bomba hazikuchomelewa kwenye vishikizo. Zimebanwa na bolti tu. Gurudumu likigonga chini kwa ubavu, bomba huteleza kidogo ndani ya vishikizo, na kishikizo cha juu kinabaki kimegeuka tofauti na cha chini. Huko ndiko kujisokota. Chuma bado ni kizima, kimehama tu mahali pake. Lakini gurudumu likigonga jiwe, ukingo wa daraja au shimo kwa nguvu kutoka mbele, bomba lenyewe linaweza kupinda, mara nyingi pale chini ya kishikizo cha chini. Hapo chuma kimeumia.

Vifaa unavyohitaji

- Spana za bolti za pikipiki yako. Namba 10, 12, 14, 17 na 19 hutumika sana, ila pima kwanza. Baadhi ya pikipiki zinahitaji alenki, yaani ufunguo wa L.
- Kreti la soda au gogo imara la kuweka chini ya injini.
- Kipande cha kioo bapa cha dirisha, kipana kuliko nafasi ya bomba hadi bomba. Zungushia kingo zake selotepu usijikate.
- Rula ya chuma au ubao ulionyooka kweli.
- Kamba nyembamba ndefu, kalamu ya wino mzito na kitambaa safi.
- Msaidizi mmoja mtu mzima. Kazi hii usiifanye peke yako.

Tafuta mahali pakavu, tambarare na penye mwanga. Injini ipoe kwanza, hasa bomba la moshi.

Kagua kabla ya kufungua bolti yoyote

*Usukani wenyewe.* Wakati mwingine shokapu hazina kosa, kilichopinda ni bomba la usukani tu. Kwa hiyo usitazame mikono ya usukani. Simama mbele ya pikipiki, gurudumu likiwa limenyooka, utazame kishikizo cha juu na ekseli. Kama kishikizo cha juu na ekseli vimekaa sambamba, lakini mkono wa usukani uko upande, shida iko kwenye usukani au kwenye bolti zinazoushika. Hiyo ni kazi nyingine na rahisi zaidi.

*Jicho la ubavuni.* Nenda pembeni kama hatua tatu, chuchumaa, fumba jicho moja. Jisogeze mpaka bomba la karibu lifunike bomba la mbali. Likilifunika lote, juu hadi chini, bomba ziko sambamba. Zikipishana kama mkasi, juu linaonekana huku na chini linaonekana kule, kuna kujisokota au kupinda.

*Kioo.* Futa vumbi kwenye bomba mbili, sehemu iliyo wazi chini ya kishikizo cha chini. Kama pikipiki yako ina mipira ya kukunjana juu ya bomba, ishushe kwanza. Laza kioo mbele ya bomba zote mbili kwa pamoja na ukibonyeze kidogo kwenye pembe moja, kisha nyingine. Kikitulia, bomba ziko sambamba. Kikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, haziko sambamba.

*Rula.* Kipimo hiki usikiruke, kwa sababu kioo kinaweza kukudanganya. Pikipiki ikigonga kitu kwa mbele, bomba zote mbili zinaweza kupinda kwenda nyuma kwa kiasi kilekile. Kioo kitatulia, na bado zimepinda. Weka rula wima mbele ya kila bomba, kisha ubavuni, ukitafuta mwanga unaopenya kati ya rula na chuma. Tazama pia kama sehemu ya bomba iliyo juu ya kishikizo cha chini inafuata mstari mmoja na iliyo chini yake. Kisha linganisha na pikipiki ya aina ileile ambayo haijaanguka: gurudumu la mbele liko umbali gani kutoka kwenye injini? Lako likiwa limesogea nyuma, kuna kitu kimepinda.

*Shingo ya fremu.* Tazama chini ya tangi, pale fremu inapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mistari, chuma kilichokunjamana au ufa kwenye sehemu iliyochomelewa ni ishara kwamba fremu imeumia. Ukiona hivyo, funga kazi. Pikipiki hiyo isukumwe au ibebwe mpaka kwa fundi wa fremu. Usiiendeshe.

*Gololi za shingo.* Weka kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke, msaidizi akikandamiza nyuma. Shika miguu ya chini ya shokapu, uvute mbele na usukume nyuma. Ukisikia "tok" au kuhisi mchezo kwenye shingo, nati ya shingo imelegea. Kisha geuza usukani polepole toka kushoto hadi kulia. Unapaswa kwenda laini pande zote. Kama unanasa katikati, kana kwamba kuna kashimo unaingia, gololi zimechimba njia yake na zinahitaji kubadilishwa. Ugonjwa huu huwafanya wengi wafungue shokapu zisizo na kosa.

*Gurudumu la nyuma.* Pikipiki inayovuta upande si lazima shokapu iwe na kosa. Angalia alama za kukazia cheni kwenye mkono wa nyuma: upande wa kushoto na wa kulia zilingane. Pima upepo wa tairi. Kisha funga kamba nyuma ya tairi la nyuma na uivute mbele pande zote mbili, juu kadiri inavyowezekana bila kugusa stendi wala bomba la moshi, mpaka iguse kidogo tu ukingo wa mbele wa tairi hilo. Nyoosha gurudumu la mbele. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele ilingane kushoto na kulia.

Kuweka sawa shokapu zilizojisokota

Kama rula imeonyesha bomba zimenyooka na fremu haina ufa, lakini kioo kinachezacheza, unaweza kuanza kazi.

1. Chora alama kwa kalamu mahali kila bomba linapotokea juu ya kishikizo cha juu. Pande zote mbili zinapaswa kuwa na kimo sawa. Kama hazilingani, kumbuka: utazilinganisha wakati wa kukaza.

2. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati. Weka kreti chini ya injini, gurudumu la mbele liguse ardhi kidogo tu bila kubeba uzito. Ukilegeza bolti huku uzito wote uko mbele, bomba zitapanda ghafla ndani ya vishikizo na pikipiki itakuangukia.

3. Legeza, usitoe, kwa mpangilio huu: bolti za madigadi, kisha bolti inayobana ekseli kwenye mguu wa shokapu kama ipo, kisha nati ya ekseli, kisha bolti za kishikizo cha chini, mwisho za kishikizo cha juu. Mzunguko mmoja au miwili wa spana unatosha.

4. Kama kishikizo cha juu kina nati kubwa katikati, ilegeze kidogo nayo, ili kishikizo hicho kiweze kugeuka. Usiguse nati ya mviringo yenye meno iliyo chini yake. Hiyo inakaza gololi za shingo.

5. Simama mbele, ubane gurudumu kati ya magoti, ushike usukani kwa mikono miwili. Geuza usukani taratibu kuelekea upande unaosahihisha kosa, msaidizi akitazama kutoka mbele. Hapa haihitajiki nguvu ya kubeba gunia. Kama bolti zimelegea na bado hapasogei, ama kuna bolti umeisahau ama bomba limepinda.

6. Weka kioo tena. Rudia mpaka kitulie bila kucheza. Hakikisha vimo vya juu vinalingana.

7. Kaza bolti za kishikizo cha chini kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto. Fuata nati kubwa ya katikati, kisha bolti za kishikizo cha juu. Pima kwa kioo tena, kwa kuwa kukaza kunaweza kuhamisha.

8. Kaza nati ya ekseli kiasi, ile bolti inayobana ekseli iwe bado imelegea. Toa kreti, shusha pikipiki kutoka kwenye stendi, bana breki ya mbele na usukume usukani chini kwa nguvu mara tano au sita. Shokapu zikipanda na kushuka, miguu inajitafutia mahali pake kwenye ekseli. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa shokapu zinabana na hazirudi vizuri.

9. Breki ikiwa bado imebanwa, kaza nati ya ekseli mpaka mwisho. Kisha kaza bolti inayoibana. Bolti za madigadi ziwe za mwisho. Kama nati ya ekseli ina pini ya usalama, weka pini mpya.

Usitumie bomba la kuongeza urefu wa spana kwenye bolti za kubana. Nyingi zimeingia kwenye aluminiamu, na nyuzi zake zikikatika, shokapu haina tena kinachoishika. Kaza ziwe imara kwa mkono na spana ya kawaida. Fundi mwenye spana ya kipimo akimalizia kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, ni bora zaidi.

Kama ulichomoa gurudumu

Kwa kazi hii si lazima kutoa gurudumu. Lakini kama umelitoa, kuna jambo moja ambalo kosa lake linaua. Kwenye breki ya dramu, sahani ya breki ina mfereji unaoingia kwenye pembe iliyotokeza kwenye mguu wa shokapu. Pembe hiyo ndiyo inayozuia sahani isizunguke. Ukirudisha gurudumu bila pembe kuingia kwenye mfereji, breki ya kwanza itaizungusha sahani, gurudumu litakwama, na wewe utatangulia mbele ya pikipiki yako. Tazama kwa macho na gusa kwa kidole kabla ya kukaza ekseli. Hakikisha pia kebo ya spidomita haikujikunja.

Jaribu peke yako kwanza

Kabla ya kupanda, inua gurudumu na ulizungushe kwa mkono: lizunguke bila kukwaruza. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, uone kama kebo yoyote inavutika. Bana breki ya mbele, usukume pikipiki mbele na nyuma: pasiwe na mlio.

Kisha vaa kofia ngumu, uendeshe polepole kwenye njia tambarare isiyo na watu. Bila abiria, bila mzigo. Nyooka, kata kushoto, kata kulia, funga breki taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Ikivuta upande au ikitetemeka mikononi, rudi nyumbani. Ikitulia, itumie siku moja, kisha urudie spana kwenye kila bolti uliyoigusa. Bolti iliyofunguliwa jana hupenda kulegea leo, hasa kwenye barabara zetu za makorongo.

Mafuta yanayovuja

Ukiona duara la mafuta yaliyochanganyika na vumbi kwenye bomba, sili imechoka au kuna mchanga umenasa. Shusha mpira wa vumbi taratibu. Chukua kipande laini cha plastiki ya chupa ya maji, kikate kiwe chembamba, ukizungushe kati ya sili na bomba kutoa mchanga, bila kuikwaruza. Futa, bonyeza shokapu mara kadhaa, utazame. Ikiendelea kuvuja, sili ibadilishwe. Usipuuze: mafuta hayo hushuka kwenye breki na tairi, na shokapu iliyobaki tupu haizuii springi, kwa hiyo upande mmoja unaruka na mwingine unatulia.

Pitisha ukucha juu ya bomba. Ukikwaruzika kwenye vishimo vya kutu, sili mpya haitadumu, vishimo vitaikata tena.

Mafuta ya kujaza ni ya shokapu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, sawa pande zote mbili. Oili chakavu ya injini si mafuta ya shokapu. Imebeba uchafu na chembe za chuma, na vitu hivyo hula sili na bomba.

Bomba lililopinda: moto si dawa

Namna ya kuthibitisha ni kulitoa bomba na kuliviringisha polepole juu ya kioo. Lililonyooka linaviringika likigusa kioo mwanzo hadi mwisho. Lililopinda linainuka na kushuka, na mwanga unapenya chini yake.

Bomba lililopashwa moto hupoteza ugumu wake pale pale lilipopinda, na ngozi yake inayong'aa hupasuka, kutu inaingia. Linaweza kuonekana limenyooka likiwa limesimama gereji. Mtihani wake uko kwenye shimo linalofuata, ukiwa na mama mjamzito nyuma anayewahi zahanati. Bomba lenye mkunjo au ufa halinyooshwi kwa namna yoyote. Hubadilishwa.

Kama huna uwezo wa kununua jipya na unanunua lililotumika, nenda na kioo chako. Liviringishe kabla ya kutoa pesa, pitisha ukucha kutafuta kutu, na hakikisha ni la aina na unene uleule. Muuzaji anayekataa lisiviringishwe amekwishakujibu.

Usibebe abiria ukiona mojawapo ya haya

- Rangi imepasuka au chuma kimekunjamana kwenye shingo ya fremu.
- Bomba la shokapu limepinda au lina ufa.
- Usukani unanasa katikati au una mchezo.
- Mafuta ya shokapu yamefika kwenye breki au tairi.
- Kioo hakitulii hata baada ya kulegeza na kurudia.
- Bolti ya kubana inazunguka bila kukaza.

Siku moja ya pikipiki kulala nyumbani ni hasara, kila anayeishi kwa bodaboda anaijua. Lakini hasara hiyo ina mwisho. Hifadhi makala haya kwenye simu yako, na umtumie mwenzako wa kijiweni ambaye usukani wake umekaa upande tangu masika.